Kaa Kwenye Bomba la Chokaa

Mzee Chokaa hakuwa bubu, ingawa wapo walioapa kwamba ni bubu. Ulimi alikuwa nao, mzima kabisa, ila aliutumia kama mtu anavyotumia kisu cha kuazima: kidogo, na kwa haraka ya kukirudisha kwa mwenyewe. Kwenye simu ndio usiseme. Kupiga alikuwa hapigi, kwa sababu kwake yeye kupiga simu ni kupigiana kelele. Aliandika ujumbe, na ujumbe wake ulikuwa neno moja. Simu yenyewe ilikuwa ndogo, ya vitufe, herufi zimefutika, na vidole gumba vyake vilikuwa vimekakamaa kwa kushika ngozi mbichi na chokaa tangu ujanani. "Chumvi." Maana yake chumvi ya kuhifadhia ngozi imeisha, mtu aagize gunia. "Njoo." Maana yake pipa la kuzungushia ngozi limekwama. Siku mkewe alipofariki hospitalini alimwandikia dada yake, "Amekwenda." Dada yake akajibu, "Wapi?" Mpaka leo hawajalizungumza hilo jambo.

Dada mwenyewe tutamwita Shangazi, maana mtaa mzima ulimwita hivyo, hata watu waliomzidi umri. Aliishi na kaka yake tangu msiba ule, katika nyumba iliyoungana ukuta na kiwanda cha ngozi, kando ya mto, karibu kabisa na pale mto unapoingia baharini. Yeye alizungumza kwa niaba ya wote wawili. Asubuhi hiyo alikuwa ameamka na jambo moja tu kichwani, na chai alikuwa ameiweka mezani kama mtego.

"Kaka, mwambie mtoto akae."

"Mimi simfungi mtu kamba."

"Nani kakwambia umfunge kamba? Nimesema umwambie. Huo mdomo si wa kunywea chai tu."

Chokaa akanywa chai.

Mtoto anayesemwa alikuwa mwanamke mzima, mratibu wa Umoja wa Mto, na sanduku lake lilikuwa limesimama mlangoni tangu alfajiri. Alikuwa ameitwa kazini kwenye mto mwingine, mbali, safari ya kutwa kwa basi. Huko nako watu walitaka kuanzisha umoja kama huu na walimtaka yeye awaongoze. Walimtaka kesho asubuhi. Asipofika kesho asubuhi, nafasi anapewa mwingine, na walimwambia hivyo bila kupepesa macho. Baba yake alipopewa habari aliitikia, "Haya," na tangu hapo hakuongeza kitu. Lakini alikuwa hali vizuri, na usiku Shangazi alimsikia akikohoa kikohozi cha mtu asiye na kikohozi.

Ukweli ni kwamba alitaka binti yake asiende. Alilitaka jambo hilo kwa nguvu iliyomtia aibu. Na kulitamka hakuweza, kwa sababu mtu akishasema "kaa nami" anakuwa ameomba, na Chokaa katika maisha yake hakuwahi kuomba kitu zaidi ya chumvi.

Sasa, huo Umoja. Zamani kila mtu wa mto ule alikuwa na wake wa kumlaumu. Dobi alimlaumu mwenye gereji kwa mafuta, wakulima wa mboga walimlaumu dobi kwa povu, na wote kwa pamoja walimlaumu Chokaa kwa kila kitu kilichobaki, kuanzia harufu hadi upele wa watoto. Idara ya maji iliandika maonyo, watu wakafungia maandazi. Halafu huyu binti akarudi kutoka masomoni, akaajiriwa na idara, akawaita wote kwenye ukumbi wa shule. Alichowaambia kilikuwa chepesi: tusikaguliwe na wageni, tukaguane wenyewe, na aliye chini amkague aliye juu yake. Dobi akachungulie mfereji wa gereji. Chokaa akamchungulie dobi. Na Chokaa achunguliwe na Bi Tope, mkuu wa kina mama waokota kaa kule mdomoni mwa mto, ambao kwa miaka walikuwa hawaokoti chochote ila mifuko ya plastiki.

Wazo lilipendwa. Lakini kabla halijapendwa, binti aliinua chupa ya maji meusi mbele ya ukumbi mzima, mkono unamtetemeka, akasema, "Haya nimeyachota chini ya bomba la baba yangu."

We! Chokaa alisimama, akavaa kofia yake, akatoka. Nyumbani alimwambia dada yake, "Mtoto amenivua nguo mbele za watu," na msimu wote wa mvua hakusema na binti yake. Alimwita "mratibu", tena kwa kupitia kwa Shangazi: mwambie mratibu chakula kipo, mwambie mratibu afunge dirisha. Kisha asubuhi moja, mvua zilipokatika, akaita fundi mwashi na kuanza kuchimba uani. Binti aliporudi kazini alikuta mashimo matatu.

"Haya ni mabirika ya kutulizia maji, baba?"

"Mabirika."

"Na hili la mwisho la kupanda matete?"

"Matete."

Akamwita "mama" tena, kama alivyokuwa akimwita tangu akiwa mdogo, na huo ndio uliokuwa mwisho wa ugomvi. Nyumba nyingine wangechinja kuku.

Tangu hapo Umoja ulikwenda vizuri kadiri umoja wa binadamu unavyoweza kwenda. Walinuniana, walichelewa vikao, mwenye gereji alikamatwa mara moja akimwaga oili kwenye mfereji na akatozwa faini ya kufagia kingo za mto, akifagia huku watoto wa shule wanamwimbia. Idara ilileta vipimo vyake na vipimo vikaonyesha maji yanapata nafuu. Bi Tope alivisikiliza kwa adabu. "Sikatai, mwanangu," alimwambia mratibu. "Vipimo vyako vinasema kweli. Lakini mimi kazi yangu ni kaa. Siku kaa atakapotoboa shimo chini ya bomba la huyu mzee, hapo nitakwambia mto umerudi."

Basi hilo likawa ndilo swali la Umoja. Kila walipokutana pale bombani wakati wa kukaguana, mratibu aliuliza, "Kaa?" na Chokaa alijibu, "Bado." Wengine wakalishika. Dobi akikutana na mwenye gereji barabarani, badala ya kujuliana hali: "Kaa?" "Bado, ndugu yangu." Lilikuwa neno lililomfaa sana Chokaa. Ulikuwa mkutano pekee maishani mwake ambao alijua la kusema.

Asubuhi ya safari, binti alisimama mlangoni akifunga mkanda wa sanduku ambao tayari ulikuwa umefungwa. Akaufungua, akaufunga tena.

"Baba, kuna neno?"

Chokaa alitazama mkanda. "Ukifika, useme."

"Nitasema."

"Haya, mratibu."

Mratibu! Shangazi alifumba macho. Binti akatikisa kichwa kama mtu aliyekwishajua bei kabla ya kuuliza, akaburuta sanduku lake, na Shangazi akamfuata kumsindikiza kituoni huku akinong'ona maneno ambayo si ya kuandikwa.

Chokaa akaingia kiwandani. Alitandika ngozi kwenye gogo, akashika kisu cha kukwangulia, na baada ya mikwaruzo michache akaitoboa katikati. Ngozi nzuri ya ng'ombe, haina kovu, katikati kabisa. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Wafanyakazi wake wawili wakajifanya wanatazama dari. Alikiweka kisu chini, akajitukana kwa neno moja, akatoka nje kwa mlango wa nyuma.

Maji ya bahari yalikuwa yamepwa na tope lilikuwa wazi. Bomba lake lilitiririsha maji kidogo, yenye rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa sana, yakitoka kwenye birika la matete. Chokaa alichutama, kwa sababu hakuwa na pa kwenda pengine. Alikuwa anatazama tope bila kuliona. Ndipo kipande cha tope kikasogea.

Kilisogea upande.

Alikuwa mdogo, angeenea kwenye kiganja cha mtoto, rangi yake ileile ya tope, ila gando moja jekundu. Alitoka kwenye shimo lenye kifusi kipya mdomoni, akasimama katikati ya mkondo uleule wa maji ya bomba, akainua vijicho vyake viwili na kumkodolea Chokaa kama mwenye nyumba anavyomkodolea mpita njia. Kisha akaanza kula. Anachota tope, anatia kinywani, anachota, anatia, bila haraka yoyote.

Chokaa aliinama zaidi. Miaka ile yote, bado, bado, bado. Na leo, katika siku zote ni leo! Aliingiza mkono mfukoni polepole asimtishe, akatoa simu, akaikodolea kwa mbali maana miwani ilikuwa ndani. Akabonyeza herufi. Akatuma. "Kaa."

Hakuna jibu. Akajisemea kwamba basi limeshaondoka, lina kelele, hajasikia. Akabaki amechutama, anatabasamu peke yake, na mmoja wa wafanyakazi aliyechungulia mlangoni akarudi ndani kumwambia mwenzake kwamba mzee leo si mzima.

Bi Tope alifika baadaye kidogo, ndoo mkononi na matope hadi magotini, kwa sababu ilikuwa siku yake ya kukagua bomba. Chokaa hakumsalimu. Alinyoosha kidole tu. Bi Tope akainama. Kaa alikuwa amekwishaingia ndani kwa mshindo wa miguu ya Bi Tope, lakini yule mama alilisoma shimo, akagusa kifusi kwa ncha ya kidole, akakinusa. Akaweka ndoo chini. Akapiga kofi moja tu, akaviacha viganja vimeshikana.

"Huyu hapiti njia, mzee. Huyu amehamia."

"Amehamia," alisema Chokaa.

Hapo ndipo waliposikia magurudumu ya sanduku yakigonga kokoto za uani.

Binti alitokea kwenye kona ya kiwanda anahema, mtandio umeshuka mabegani, macho yamelowa na meno yote nje. Nyuma yake Shangazi, amebeba mfuko wa pili kichwani kama taji.

"Nimerudi, baba."

"Umerudi kufanya nini?"

"Si umesema nikae?"

"Amesema!" Shangazi alidakia. "Kaka, mimi nilishakukatia tamaa, Mungu anisamehe. Mtoto ameshakaa kwenye kiti, injini inanguruma, simu inalia. Akasoma, akanionyesha dirishani. Kaa! Nikalipiga bati la basi kwa kiatu mpaka dereva akatoa kichwa. Nikamwambia, mshushe huyo, baba yake amezungumza!"

Chokaa alimtazama dada yake, kisha binti yake, kisha simu. Alielewa polepole, halafu akaelewa yote kwa mpigo mmoja. Shangazi naye hakuwa amezaliwa jana. Aliuona uso wa kaka yake, akamwona Bi Tope na viganja vyake vilivyoshikana, akaliona shimo kwenye tope, na tabasamu lake likaanza kuvuja. Alishusha mfuko, akamsogelea kaka yake mpaka sikioni.

"Nyamaza," alinong'ona. "Chonde, kaka. Kunyamaza umefanyia mazoezi maisha yako yote. Leo ndiyo siku yake."

Na kwa kweli hakutakiwa kufanya lolote. Huo ndio uliokuwa ugumu wake. Alichokitaka kuliko kitu chochote kilikuwa kimesimama mbele yake na sanduku, kimejileta chenyewe, na hakuna aliyemdanganya mtu. Binti alikuwa ametoa simu. "Ngoja niwaambie wa kule kwamba siji," alisema, "wasije wakanisubiri bure. Halafu tutaongea, baba. Tutaongea sana, hata kama nitaongea peke yangu." Akabonyeza namba, akaweka simu sikioni, na akamtazama baba yake kwa uso ambao Chokaa hakuwa ameuona tangu binti akiwa na mapengo.

Simu ikaanza kuita. Waliisikia wote.

Chokaa alikumbuka ile chupa. Hakutaka kuikumbuka, ilijileta. Aliukumbuka ule mkono ukitetemeka mbele ya ukumbi mzima, na jinsi sauti yenyewe isivyotetemeka.

"Kata simu, mama."

"Eti?"

"Kata."

Akakata.

"Niliandika kaa," alisema Chokaa.

"Ndiyo. Nikae."

"Si ukae. Kaa." Akaelekeza kidevu kwenye tope. "Yule. Mdudu."

Shangazi aligeuka akautazama ukuta. Bi Tope alikuwa mtu mzima, akainama akajishughulisha na ndoo yake. Binti alitazama tope, akaliona shimo na kile kifusi kipya, na kwa sababu alikuwa mratibu wa Umoja ule tangu siku ya kwanza, sehemu moja ya uso wake ikafurahi kabla sehemu nyingine haijapata habari. Kisha akakaa juu ya sanduku. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, mpaka wafanyakazi wakatoka nje, na hakuna aliyeona vizuri ni wakati gani kicheko kiligeuka.

"Nimeshuka kwenye basi," alisema huku akijifuta kwa ncha ya mtandio, "kwa ajili ya mdudu."

Akamgeukia baba yake.

"Kwa hiyo hukutaka nikae."

"Sijasema hivyo."

"Sasa umesema nini, baba? Hebu niambie leo. Maisha yangu yote nasoma neno moja moja nabahatisha. Umesema nini?"

Chokaa alivua kofia. Aliikunja, akaikunjua. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu aliyebeba gunia.

"Nataka ukae," alisema. "Nimelitaka hilo tangu ulipotuambia. Nikilala nalitaka, nikiamka nalitaka. Leo nimetoboa ngozi. Lakini sikuliandika. Nisingekuwa na ujasiri wa kuliandika. Sasa siwezi kukuacha uiache kazi yako kwa neno nililoandika kwa ajili ya kaa. Basi la jioni lipo, linafika alfajiri. Nenda. Huko nako yupo mzee na bomba lake, na hakuna aliyemwambia. Nenda ukamwaibishe kama ulivyoniaibisha mimi."

Wale wafanyakazi wawili baadaye walibishana. Mmoja alisema ni maneno mengi kuliko aliyoyasema mzee tangu yeye aajiriwe. Mwenzake alisema hata ukijumlisha na ya nyuma.

Binti aliinuka kwenye sanduku, akamtazama. Uso ulikuwa umelowa bado, lakini umetulia. Alitaka kusema kitu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ni yeye aliyekosa la kusema. Damu si maji.

"Kama mmemaliza," alisema Bi Tope, "kaeni chini. Kaa hatoki watu wakiwa wamesimama."

Wakakaa. Binti juu ya sanduku, baba juu ya ndoo iliyopinduliwa, Shangazi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, amenuna na amefurahi vyote pamoja. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyelalamika. Bomba likatiririka. Hawakusema kitu, na safari hii kimya hakikuwa na mwenyewe, kilikuwa cha wote. Baada ya muda tope likasogea upande, lile gando jekundu likatangulia, na vijicho viwili vikainuka kuwakagua.

"Kaa?" binti aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kaa," alijibu baba yake.

Jioni alimsindikiza mwenyewe kituoni. Sanduku alilibeba begani, hakukubali liburutwe. Hakuna aliyelia isipokuwa Shangazi, naye alisema ni moshi wa basi.

Asubuhi iliyofuata Chokaa alitoka kwa mlango wa nyuma kabla ya chai, akapindua ndoo, akaketi mbele ya bomba. Maji yalikuwa yanaanza kupwa. Simu ikalia mfukoni. Aliisogeza mbali na macho akasoma.

"Kaa?"

Neno moja, na alama ya kuuliza. Shangazi aliyekuwa amemfuata na kikombe alichungulia juu ya bega lake. "Sasa huyu anauliza yupi?" alisema. "Wa matope, au anauliza arudi akae?"

Chokaa alitazama tope mpaka gando jekundu lilipojitokeza, kisha akaanza kubonyeza. Alibonyeza, akafuta, akabonyeza tena, chai ikapoa, na Shangazi akabaki amesimama na kikombe chake bila kusema neno, jambo ambalo nalo halijawahi kutokea. Alipotuma, alimpa simu asome mwenyewe.

"Yupo. Na mimi nipo."